Hasheem Kabla ya Memphis: Miaka Mitatu ya Connecticut

Hotuba kwa wachezaji, wazazi na makocha siku ya kufunga kambi ya vijana ya mpira wa kikapu, Dar es Salaam. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, asanteni kwa kuja na kwa kulivumilia jua la uwanja ambao bado haujapata paa. Vijana, kaeni chini, mipira muiweke katikati ya miguu. Nikisikia unaodundwa nauchukua.

Kamati iliniandikia mada: "Safari ya kwenda NBA." NBA ndiyo ile ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Mada nimeipunguza. Nitazungumzia miaka mitatu tu, kuanzia vuli ya 2006 hadi Aprili 2009, ambayo kijana mmoja wa Dar es Salaam aliitumia katika Chuo Kikuu cha Connecticut, pale Storrs. Jina lake mnalijua, Hasheem Thabeet. Mnaosoma Makongo msianze kupiga makofi, najua alipita kwenu.

Nimeichagua miaka hiyo kwa sababu ndiyo tunayoiruka. Kila ninapokaa kijiweni na watu wa kikapu, habari ya Hasheem inaanza hivi: "Alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry." Kisha msemaji anatikisa kichwa, maana hao wawili walikuja kuwa nyota wakubwa, na wengine wanatikisa vichwa, basi, yamekwisha. Kwa takwimu hawajakosea. Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, New York, kwenye drafti, yaani timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Blake Griffin alichaguliwa wa kwanza na Los Angeles Clippers, Hasheem wa pili na Memphis Grizzlies, Harden wa tatu na Oklahoma City, Curry wa saba na Golden State. Na ni kweli kwamba huko NBA Hasheem alicheza mechi 224 kwa wastani wa pointi mbili na ushee. Ugomvi wangu nao ni mahali wanapoanzia kuhesabu. Wanaanzia usiku ule kama vile mtoto huyu alizaliwa akiwa amevaa kofia ya Memphis.

Alizaliwa hapa, tarehe 16 Februari 1987. Mpira wa kikapu alianza kuucheza kwa maana ya kuucheza akiwa na miaka kama 15. Naomba wazazi mlishike hilo, maana hotuba yangu yote imejengwa juu yake. Miaka 15, kidato cha pili au cha tatu, ndipo anaanza kufundishwa jinsi ya kusimama kupokea pasi. Saba baadaye ni wa pili katika drafti ya dunia nzima. Sasa mtazame huyo Curry tunayemlinganisha naye. Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16. Mtoto alikulia kwenye viwanja vile, akirusha mipira kabla mechi za baba hazijaanza. Walipoitwa majina usiku ule mmoja, mmoja alikuwa na maisha mazima ya kikapu nyuma yake, mwingine alikuwa na miaka saba. Kijiweni hilo halisemwi kwa sababu linaharibu utamu wa stori.

Alivyoondoka imesimuliwa mara nyingi, nami sitaichelewesha. Aliingia kwenye intaneti kafe za mjini, akatafuta anwani za vyuo vya Marekani, akatuma barua pepe. Majibu hayakumiminika. Baadaye akaonekana na watu wa mpira, akavuka, akazungushwa shule zaidi ya moja kule, na akamalizia sekondari Houston, Texas, katika shule ya Cypress Christian. Hatua hiyo ya kuzungushwa shule nitairudia nikifika kwa wazazi.

Twende Storrs.

Storrs ni kijiji. Kuna chuo, kuna mashamba, kuna baridi. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee mkali kwelikweli, ambaye alikuwa ameshachukua ubingwa wa taifa mara mbili, 1999 na 2004. Na Hasheem alifika katika mwaka wa ajabu. Kiangazi cha 2006, wachezaji watano wa Connecticut walichaguliwa katika drafti moja: Rudy Gay, Hilton Armstrong, Marcus Williams, Josh Boone na Denham Brown. Watano! Timu ilikuwa imefagiwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 19, futi saba na inchi tatu, yaani mita 2.21, ambaye pengine angekaa benchi miaka miwili akijifunza, aliambiwa avae jezi aingie.

Msimu ule wa 2006/07 timu ilishinda mechi 17 na kupoteza 14. Kwa Connecticut hiyo ni aibu, na hawakualikwa kwenye mashindano yoyote ya mwisho wa msimu. Hasheem alimaliza na wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na bloku 3.8, yaani mitupo aliyoizuia hewani. Vijana, hizo bloku 3.8 zisiwatie wazimu. Mtu wa urefu ule akisimama chini ya kikapu na kuinua mikono, mitupo itamgonga tu. Hizo pointi 6.2 ndizo zinazoonyesha alikuwa wapi: mpira ukimfikia, hakuwa na la kufanya nao. Hakuwa na mtupo wa kugeuka. Hakujua kumsukuma mtu kwa makalio na kujitengenezea nafasi. Mambo hayo wenzake waliyapata wakiwa darasa la sita.

Mwaka wa pili, pointi 10.5, ribaundi 7.9, bloku 4.5. Sasa ndipo alipopewa tuzo ya beki bora wa Big East. Niwaeleze Big East ya wakati ule, maana leo ligi za vyuo zimechanganywa hadi huwezi kujua nani yuko wapi. Ilikuwa na Georgetown, Syracuse, Pittsburgh, Louisville, Villanova, Marquette. Kila wiki unakutana na senta ambaye atalipwa mshahara wa NBA ndani ya miaka miwili. Tuzo hiyo ya ubeki ndiyo aliyoichukua Dikembe Mutombo wa Kinshasa alipokuwa Georgetown. Na kama mnapenda mambo ya kushangaza, Manute Bol, yule Mdinka wa Sudan, msimu wake wa chuo kabla ya NBA aliuchezea Bridgeport, jimbo hilohilo la Connecticut. Kajimbo kadogo, lakini warefu wa Afrika wamekafaidi.

Timu ilishinda 24 ikapoteza 9, ikaingia kwenye mashindano ya taifa Machi 2008, na ikatolewa raundi ya kwanza na San Diego, 70 kwa 69, katika muda wa nyongeza. Katika mechi hiyohiyo A.J. Price, mlinzi wao, yaani mdunda mpira anayeichezesha timu, alichanika kano ya goti. Wazazi, likumbukeni goti la A.J. Price. Mtoto mzima asubuhi, jioni anabebwa. Mkisikia kijana ameondoka chuo kabla ya kumaliza ili akachukue pesa, msiseme haraka kwamba ana tamaa. Ameona magoti ya wenzake.

Hasheem angeweza kuondoka mwaka huo wa 2008. Wengi walidhani ataondoka. Akarudi. Katika maisha yake yote ya mpira, hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, na simwoni mtu akilisema. Alirudi Storrs, kwenye baridi na kwa Calhoun.

Msimu wa 2008/09 sasa. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Price alikuwa amepona. Jeff Adrien alikuwa wa mwaka wa mwisho, mtu wa kazi, haongei. Stanley Robinson, Mungu amrehemu, alikuwa anaruka kama hana mifupa. Craig Austrie, Jerome Dyson. Na mtoto mpya kutoka Bronx aliyeitwa Kemba Walker, ambaye mwaka 2011 angewapa ubingwa. Timu ilimaliza na ushindi 31 na kufungwa mara tano tu. Ilikaa namba moja nchini kwa muda. Hasheem: pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku 4.2, na mitupo yake ikiingia zaidi ya sita katika kila kumi.

Mwisho wa Januari walicheza na Providence. Akafunga pointi 15, akachukua ribaundi 11, akapiga bloku 10. Ninyi mnaiita tripo-dabo, kufikisha kumi katika takwimu tatu, na mkiisikia mnamfikiria mlinzi mwenye pasi kumi za kikapu. Huyu alifikisha kumi ya tatu kwa kuwazuia watu wasifunge. Itafuteni mechi hiyo, ipo, lakini msihesabu bloku. Hesabuni mara ambazo mchezaji wa Providence anaingia mbio, anafika hatua mbili kutoka kikapuni, anamwona, na anarudisha mpira nje. Hakuna takwimu inayoandika hiyo. Katika karatasi ya mechi ni sifuri. Uwanjani ni nusu ya ushindi.

Halafu ikaja tarehe 16 Februari 2009, Hartford. Connecticut ni namba moja. Wageni ni Pittsburgh, namba nne. Hasheem anatimiza miaka 22 siku hiyohiyo. Na upande wa pili yuko DeJuan Blair, futi sita na inchi saba, mita mbili na kitu, mpana kama kabati. Mnaona tofauti? Sentimita 20. Blair alichukua ribaundi 23 na kufunga pointi 22. Hasheem alipata pointi tano na ribaundi nne. Na kuna picha ambayo dunia nzima iliiona: wamekamatana mikono wakigombea mpira, Blair akamvuta, na Hasheem akapinduliwa juu ya bega lake akaenda chini. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Nawaeleza mechi hiyo kwa makusudi. Waandishi wa Marekani walisema siku ile Hasheem hana moyo, laini, hapendi kugongwa. Mimi nimeitazama mara nyingi na sioni kasoro ya moyo. Naona ya miguu. Tazameni Blair anavyokaa: magoti yamekunjwa, makalio chini, anagusa mwili wa mwenzake kabla mpira haujapaa. Mrefu wetu amesimama wima, anangoja mpira ushuke. Mtu aliyesimama wima, hata awe na urefu wa mnazi, anasukumwa. Kukaa chini kwenye ribaundi hufundishwi ukiwa na miaka 20 ukaweza. Unafundishwa ukiwa mtoto hadi mwili unasahau kwamba ulifundishwa.

Mwisho wa msimu, Big East ilipotangaza mchezaji bora wa mwaka, iliwapa wawili kwa pamoja: DeJuan Blair na Hasheem Thabeet. Na Hasheem akachukua ubeki bora mara ya pili. Mtanzania wa kwanza, na mpaka leo wa pekee. Hakuna mtu aliyempa kwa huruma. Ni makocha wa timu alizokuwa anazifunga waliopiga kura.

Machi wakacheza na Syracuse ile mechi ya New York yenye vipindi sita vya nyongeza, 127 kwa 117, wakapoteza. Ilianza usiku wa tarehe 12 ikamalizika usiku wa manane, tarehe 13 ikiwa imeshaingia. Kisha mashindano ya taifa. Chattanooga wakapigwa 103 kwa 47, Calhoun mwenyewe akiwa hospitali na msaidizi wake ndiye aliyekaa benchi. Texas A&M, Purdue, Missouri, wote wakaondoka. Tarehe 4 Aprili, Detroit, mbele ya watu zaidi ya 70,000 kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani uliogeuzwa, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73 katika nusu fainali. Michigan State walikimbia. Kila walipopata mpira walikimbia, mrefu wetu akiwa bado yuko njiani.

Hapo ndipo chuo kilipoishia. Mechi 100 kamili katika miaka mitatu, bloku 417. Katika historia ya Connecticut ni Emeka Okafor peke yake aliyekuwa mbele yake wakati huo, naye alikuwa na 441. Kijana aliyeshika mpira akiwa na miaka 15.

Sasa swali ambalo najua mnalo: kama alikuwa hivyo, kwa nini Memphis hakuwa hivyo? Makocha wenzangu, sogeeni, hii ni yenu zaidi.

Sheria ni tofauti, na watu hawalisemi kwa sababu linachosha. Katika mpira wa vyuo, beki anaweza kusimama chini ya kikapu chake kwa muda autakao. Hata sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea hapa ni hivyo. NBA, tangu msimu wa 2001/02, wana sheria ya sekunde tatu za ulinzi: kama humkabi mtu aliye karibu nawe, huruhusiwi kukaa ndani ya lile eneo la mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Na eneo lenyewe kule lina upana wa futi 16, wakati la vyuo lina futi 12. Kisha ongezeni mstari wa pointi tatu. Msimu wake wa mwisho chuoni mstari ulikuwa mita 6.32 kutoka kikapuni. NBA ni mita 7.24 ukiwa katikati. Kwa hiyo mlinzi wa mlango alitolewa mlangoni, akaambiwa atoke nje kumkabili mtu mwepesi anayekuja na mpira huku mwenzake akimkinga, kisha ageuke arudi haraka. Kila kilichomfanya awe beki bora wa Big East kilipunguzwa thamani kwa maandishi. Na kila alichokosa, yaani hatua za miguu, kukaa chini, kusoma mchezo wa watu watano wakitembea, ndicho kilichotakiwa.

Memphis, tena, alikuwapo Marc Gasol na alikuwapo Zach Randolph. Dakika hazikuwapo. Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards, na gazeti likaandika kwamba hakuna mchezaji aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akashushwa. Baada ya hapo Houston, Portland, Oklahoma City. Baadaye Taiwan. Mnayajua.

Nami nasema: Memphis ndio waliochagua. Yeye hakujichagua. Drafti ni kubahatisha kwa watu wazima wenye suti. Usiku uleule DeJuan Blair, aliyegawana naye tuzo, aliteremka hadi namba 37 kwa sababu madaktari walikuta magoti yake hayana ile kano aliyochanika Price. Wachezaji wawili waliolingana Machi, Juni mmoja ni wa pili na mwingine ni wa 37. Mchezo wao haukubadilika katika miezi mitatu. Kilichobadilika ni mwenye kupima.

Na kama mnataka mfano wa karibu zaidi kwa miaka, yupo Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, ndugu yetu wa Kiswahili cha Katanga. Alizaliwa Novemba 1999, akapita shule za sekondari za Virginia na Pennsylvania, akaanza chuo West Virginia, kisha Kentucky. Msimu wa 2021/22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1. Ribaundi 15.1! Mara ya mwisho mchezaji wa daraja la kwanza kufikisha 15 ilikuwa msimu wa 1979/80. Desemba 2021 alichukua 28 katika mechi moja dhidi ya Western Kentucky. Akapewa tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa taifa. Siku Kentucky walipoaibishwa na kachuo kadogo ka Saint Peter's, yeye alifunga 30 na kuchukua ribaundi 16. Na drafti ya 2023? Hakuna aliyemwita, raundi ya kwanza wala ya pili. Walisema ni mfupi kwa kazi yake, hana mtupo wa mbali. Akapata mkataba mdogo Indiana, akaenda ligi ya chini akawa mchezaji chipukizi bora wa msimu, kisha Utah.

Mmoja aliitwa mapema mno, mwingine hakuitwa kabisa. Ukimpima kijana kwa drafti, utamtukana Hasheem na utamsahau Oscar, na wote wawili walikuwa miongoni mwa wachezaji bora waliowahi kutoka kwetu kwenda chuo.

Wazazi, zamu yenu, nami sitawapamba.

Mtoto wako akiwa mrefu, watu watakuja. Wengine wema kabisa. Wengine watakwambia kuna shule, kuna udhamini, lete pasipoti na pesa kidogo ya kushughulikia faili. Mwenye udhamini wa kweli hakuombi pesa ya faili. Kuna watoto wa Afrika waliofika Marekani wakazungushwa shule tatu kwa miaka miwili kwa sababu aliyewaleta ndiye aliyekuwa akiamua, na mzazi alikuwa huku anasubiri simu. Uliza kwa maandishi: shule gani, anakaa kwa nani, nani mlezi wake kisheria, udhamini ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize, akiumia goti unaendelea au unakatwa. Asiyetaka kuandika, mpe chai, mshukuru, mwambie safari njema.

Pili, shule ya hapa. Daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, na matokeo yake yanaangaliwa, pamoja na cheti cha kidato cha nne. Mwaka huu kwenye kambi hii kuna kijana, simtaji, ana mikono mizuri kuliko wote niliowaona kwa muda mrefu, na hisabati amepata F. Mama yake yupo hapa, tumeshazungumza. Atakaa kwa mwalimu wa hisabati Jumanne na Alhamisi, na siku hizo haji uwanjani. Alilia. Sawa, atalia.

Tatu, pesa. Siku za Hasheem mchezaji wa chuo haruhusiwi kupokea hata senti kwa jina lake. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wanaruhusiwa, na mmeona mitandaoni vijana wa miaka 19 wenye magari. Sikilizeni vizuri: huo mlango ni wa Mmarekani. Mtoto wetu anaingia kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inambana kufanya kazi ya kulipwa akiwa ndani ya nchi. Oscar, mchezaji bora wa taifa zima, ilibidi asubiri timu yake iende kucheza Bahamas, Agosti 2022, ndipo apige matangazo yake huko na kulipwa. Mchezaji bora wa Marekani anavuka bahari kwenda kupokea chake! Kwa hiyo usikubali mtu akuahidi gari la mtoto. Anaweza kufukuzwa nchini kwa sababu ya hilo gari.

Makocha, nanyi. Nimewaona mchana kutwa. Mtoto mrefu akiingia, mnampeleka chini ya kikapu, mnamwambia inua mikono. Miaka miwili mnashinda makombe ya shule kwa ajili yake, na yeye hajifunzi chochote. Hasheem aliwahi kuwa huyo mtoto. Kesho nataka warefu wote wafanye kazi ya walinzi: kudunda mpira kwa mkono wa kushoto, kukaba wakikimbia nyuma, kuteleza kwa upande huku makalio yako chini. Mtapoteza mechi. Mwalimu mkuu atawauliza. Mwelekezeni kwangu, namba yangu mnayo.

Na sasa ratiba, kwa maana giza linaingia. Tumekubaliana na kamati kwamba kuanzia Jumamosi ijayo, saa moja hadi saa tatu asubuhi, viwanja vyote viwili ni vya watoto wa darasa la tatu hadi la saba. Wakubwa mtaanza saa tatu. Najua mmezoea kufika saa kumi na mbili na nusu na kushika goli lenye wavu. Mkifika mapema mtawarudishia watoto mipira. Mwenye mdogo wake nyumbani, wa kike au wa kiume, mrefu au mfupi, amlete. Mipira midogo ya saizi ya tano tumepata minane, haitoshi, kwa hiyo mwenye nayo aje nayo ikiwa imejazwa upepo.

Maswali nitayapokea pale kwenye kivuli cha mwembe. Asanteni.